Mwalimu wa Kemia na Kiangazi cha Kiswahili

Vijana wangu mnaoanza kufundisha huku Texas, mmenisumbua vya kutosha kwamba niandike machache kabla sijasahau. Basi nimekaa. Nimestaafu juzi tu, na Jumatatu ya kwanza niliamka mapema, nikavaa, nikachukua funguo za gari, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Ili nisijione mjinga nikaenda dukani kununua ndizi, na tangu siku hiyo nyumba yangu haikosi ndizi. Sitawaeleza habari za vyeo wala mishahara, maana cheo changu kilikuwa mwalimu wa kemia siku niliyoingia na mwalimu wa kemia siku niliyotoka. Nitawasimulia kazi, na hasa kiangazi kimoja ambacho sikufundisha kemia hata kidogo.

Nilifika Arlington miaka ya tisini nikitokea Kisii, ambako nilizoea darasa la wanafunzi hamsini wanaosimama kwa pamoja mwalimu akiingia. Siku yangu ya kwanza hapa niliingia darasani na hakuna aliyesimama. Kijana mmoja alikuwa anakula, mwingine amelaza kichwa mezani, na msichana wa mbele akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye mwalimu wa muda. Nikajitambulisha, nikaandika jina langu, Kerubo, ubaoni. Wakalijaribu kwa namna tano, zote mbaya, kisha wakaamua kuniita Miss K. Nikaanza kueleza habari za aluminiamu, wakacheka mpaka kengele. Huko kwetu neno hilo lina silabi moja zaidi, na inaonekana silabi hiyo ilikuwa kichekesho kikubwa kuliko vyote walivyosikia mwaka ule.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa chumba cha pili, Bwana Haskell, mzungu mrefu wa Texas ya magharibi aliyekuwa amefundisha fizikia tangu wengine hatujazaliwa. Hakunipa hotuba. Alinionyesha kwamba ukisimama mlangoni na kumsalimu kila mwanafunzi kwa jina, nusu ya utundu inabaki nje. Alinionyesha pia bomba gani la gesi linavuja, mizani ipi inadanganya siku za unyevunyevu, na jinsi ya kunyamaza. "Usiseme neno mpaka wanyamaze," aliniambia, "hata kama itabidi msubiri Krismasi." Nilijaribu. Hatukufika Krismasi. Lugha ya kunyamaza, wenzangu, haina lafudhi.

Baada ya miaka kadhaa shule yetu ikaanzisha Diploma. Ndivyo tulivyoiita kwa kifupi: kozi ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu, mitihani yake inasahihishwa nje ya nchi na watu usiowajua wala kuwabembeleza. Mwanafunzi anachukua masomo sita, anaandika insha ndefu ya utafiti, na analala kidogo. Aliyeisimamia alikuwa Bi Delgado, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na kumbukumbu ya kutisha. Yeye ndiye aliyenipa kazi ya kuwaandaa wanafunzi wakati wa likizo ya kiangazi, kabla hawajaanza, ili Agosti isiwaangushe kama gunia.

Wazazi walidhani maandalizi ni kumaliza kitabu cha kemia kabla mwalimu hajakifungua. Wakenya wenzangu ndio walikuwa wabaya zaidi. Baba mmoja aliniletea mtoto na kuniambia mbele yake, "Mwalimu, mkaze. Akilia, niite nije nimuone akilia." Nilimrudisha mtoto nyumbani na maagizo matatu tu: asome kitabu kirefu kimoja mpaka mwisho, aandike ukurasa mmoja kwa mkono kila siku, na alale. Baba alirudi kuniuliza kama nimesahau kuweka kemia. Nikamwambia kemia tutaifundisha sisi, ndiyo sababu tuna maabara. Hakuridhika, lakini mtoto aliridhika sana, hasa na agizo la tatu.

Sasa nifike kwenye kiangazi chenyewe. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Bi Delgado aliniita ofisini wiki ya mwisho ya masomo na kunionyesha msichana aliyekaa ameweka mikono magotini kama aliyekuja kupigwa picha. Aliitwa Furaha. Yeye na baba yake walikuwa wametoka Kongo ya mashariki, wakakaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi, kisha wakaletwa Fort Worth, na sasa walikuwa wamepanga nyumba kwenye mpaka wa Fort Worth na Arlington, upande wa shule yetu. Hesabu yake ilikuwa nzuri mno. Kwenye sayansi alinipita mimi nilipokuwa na umri wake. Lakini Diploma ilitaka somo la fasihi katika lugha mtu anayoimudu kuliko zote, na kwa kila mwanafunzi wetu lugha hiyo ilikuwa Kiingereza. Kiingereza cha Furaha kilikuwa cha mwaka mmoja na nusu.

"Kingereza nasoma, Mwalimu," aliniambia aliposikia natoka Kenya. "Lakini inanipita mbio."

Bi Delgado alikuwa amechimba kanuni akapata mlango. Mwanafunzi aliruhusiwa kusoma fasihi ya lugha yake mwenyewe, akijisomea, mradi shule impe mtu mzima wa kumsimamia. Kiingereza angekichukua kama lugha ya pili. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha. Akaniangalia. Nikageuka kutazama nyuma yangu, labda kuna mtu mwingine ameingia.

"Mimi ni mwalimu wa kemia," nilimwambia.

"Unaongea Kiswahili?"

"Naongea."

"Hapa shuleni nani mwingine anaongea Kiswahili?"

Ndivyo nilivyopata kazi. Lakini Bi Delgado hakuwa mtu wa kutia sahihi kwa huruma. Alisema kama msichana hawezi, ni ukatili kumwingiza kwenye kozi ya miaka miwili ili aanguke mwishoni. Kwa hiyo kabla ya shule kufunguliwa, msichana asikilizwe na mtu anayekijua Kiswahili sawasawa, asiyekuwa mimi, na asiyemfahamu Furaha. Mtu huyo akisema anaweza, ataingia. Akisema hawezi, ataingia madarasa ya kawaida, na neno la Diploma lisizungumzwe tena.

Nilikwenda kumwona baba yake, Papa Bisimwa. Alikuwa anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, nami nikamkuta ametoka kuamka alasiri, macho mekundu, anatengeneza chai. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, miye niko natumika usiku," alisema. Kutumika, kwao, ni kufanya kazi. "Gari iko moja na ni ya mwenzangu. Sitaweza kumuleta. Lakini kama wewe utamubeba, mubebe. Huyu mutoto, mama yake alimwachia neno moja tu: asome. Miye sikusoma. Nitafanya nini? Nitamukataza?"

Nikasema nitambeba. Corolla yangu ilikuwa kuukuu lakini haikuwa na kiburi.

Habari zikaenea kanisani kwetu, kanisa la Wakenya, na Jumapili iliyofuata akanijia kijana mmoja, Brian. Brian aliletwa Arlington akiwa bado ananyonya. Alielewa kila neno la mama yake na kumjibu kila mara kwa Kiingereza. Naye alikuwa anaingia Diploma, na alikuwa anachukia Kihispania kwa moyo wote. Akasikia kwamba kuna Kiswahili.

"Mwalimu, hiyo mimi nitapita bila kusoma," alinihakikishia. "Swahili ni ya nyumbani. I hear it every day."

"Unaisikia. Unaisema?"

"Kidogo kidogo. But I can."

Mama yake, muuguzi aliyefanya kazi hospitali mbili, alinikamata kwenye maegesho ya magari kabla sijafungua mlango. "Mwalimu, hebu nieleze pole pole. Mimi nimepanda ndege, nimekesha na wagonjwa wa wenyewe, nimelipia hii nyumba, ndiyo mtoto akuje asome Kiswahili? Si angebaki tu Nakuru?"

Nilimweleza kwamba ni fasihi, kwamba inapimwa kwa ukali uleule kama nyingine, na kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyeomba. Alifikiri, akapumua kwa pua. "Sawa. Lakini akifeli, wewe ndiye utamwambia nyanya yake."

Tatizo la kwanza lilikuwa vitabu. Hapakuwa na duka la kwenda kuulizia riwaya ya Kiswahili kati ya Dallas na Fort Worth. Vililetwa na mama mmoja wa kanisani aliyekuwa likizo Kenya, ndani ya sanduku, vimebanwa kati ya unga wa wimbi, majani ya chai na furushi la omena, wale dagaa wa ziwani. Sanduku lilikawia uwanja wa ndege, na Texas ni Texas. Riwaya tuliyoitegemea zaidi ilinuka omena kiangazi kizima. Brian alikuwa anaisoma ameishika kwa mkono ulionyooshwa mbali kama mtu anayeshika kinyesi cha mtoto.

Tatizo la pili lilikuwa mahali. Shule huzima viyoyozi wakati wa likizo, na maabara yangu ilikuwa tanuri. Tukaenda maktaba ya mjini, kuna baridi na ni bure. Siku ya kwanza tulifukuzwa kwenye meza za wasomaji kwa sababu ya kelele. Mkutubi, dada mwenye subira, akatuhamishia chumba cha hadithi za watoto wadogo, penye zulia la wanyama na viti vya kimo cha goti. Ndipo tuliposoma fasihi. Mimi mama wa miaka arobaini na kitu, Brian mwenye miguu ya mchezaji wa kikapu, na Furaha aliyekaa wima kwenye kiti kile kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake.

Kelele zenyewe zilitokana na nini? Kiswahili. Tulikuwa watatu na tulikuwa na vitatu. Changu kilikuwa cha mtihani: nilikisoma shuleni, nikakifaulu, nikakiweka kabatini, maana nyumbani tulisema Kigusii na darasani Kiingereza. Cha Brian kilikuwa cha kusikia jikoni, na kilikuwa na sauti za mama yake hasa za kukemea. Cha Furaha kilikuwa hai kuliko vyote, kinatiririka, lakini hakikufanana na kitabu. Siku moja mhusika katika riwaya alipika kisamvu, na sote tukakwama. Mimi nilikijua kwa jina tu. Brian alidhani ni mnyama. Furaha akasoma maelezo, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akapiga kofi. "Aah! Ni sombe! Mwalimu, hii njo chakula yetu ya kila siku, tunaiita sombe. Juu ya nini wanaificha na jina ingine?"

Nami nilijifunza kufundisha upya. Kwenye kemia, mwanafunzi akikosea, jibu liko nyuma ya kitabu. Hapa, wiki ya pili, nilimwuliza Furaha kwa nini mjane wa kwenye riwaya ile, aliyerudi kijijini kwao mume kudai shamba, alinyamaza alipopewa nafasi ya kusema mbele ya wazee. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari: aliogopa. Brian alisema hakuwa na hati. Furaha akarudi kwenye ukurasa ule.

"Hapana. Walimuuliza juu ya shamba," alisema. "Hakuna mutu alimuuliza alikuwa wapi miaka yote ile. Wangemuuliza ile kwanza, angesema yote."

Nilirudi nyumbani nikaisoma sura ile tena, na tena. Ilikuwa hivyo kabisa. Mjane anapotoka pale, mwandishi anamfanya aeleze safari yake yote kwa mbuzi. Mimi nilidhani ni mzaha.

Kwa hiyo nilikuwa na msichana anayekisoma kitabu vizuri kuliko mwalimu wake, na anayekieleza kwa Kiswahili ambacho mtahini yeyote angekichora kwa kalamu nyekundu. Nilimsahihisha kwa upole. Aliandika "watoto", akasema "batoto". Aliandika "mahali", akasema "fasi". Kwenye karatasi alikuwa anapanda wiki kwa wiki, mdomo ukabaki Kongo. Brian alichagua njia nyingine: alikariri. Nilimpa maelezo ya mfano kuhusu maudhui, akayameza mazima, akawa anayatoa kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Ukimkatiza katikati, anaanza upya.

Sasa tulihitaji hakimu. Aliyempata, msishangae, ni mama yake Brian. "Kuna mama ya rafiki yangu tuliyesoma naye uuguzi," alinipigia. "Wako Missouri City, Houston huko. Mama ni Mtanzania, alifundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu. Sasa anakaa na wajukuu. Lakini Mwalimu, nikuambie ukweli, ni mkali. Mimi mwenyewe nikienda pale huwa naongea Kiingereza."

Aliitwa Mama Apaikunda. Nilimpigia simu, nikamweleza habari za wote wawili, Kihispania cha Brian pia, akanisikiliza, akasema, "Walete Jumamosi. Nitawaambia kweli." Bi Delgado alitaka kusikia kwa masikio yake namna mama huyo atakavyohukumu, lakini alikuwa na harusi ya mpwa wake, akasema atampigia Jumapili.

Tuliondoka asubuhi. Kutoka Arlington hadi Missouri City ni barabara moja ndefu iliyonyooka, ng'ombe kushoto, ng'ombe kulia, na malori yanayopita kana kwamba wewe umeegesha. Brian alilala kabla hatujamaliza Dallas. Furaha alikaa mbele, riwaya ya omena mapajani, hakuifungua. Tulipokaribia Houston mvua ilishuka kama mtu amepindua pipa, tukasimama kwenye kituo cha mafuta mpaka ipungue.

"Mwalimu," aliniambia, "na kama anasema hapana?"

"Utasoma madarasa ya kawaida, na utafika chuo kikuu kwa njia nyingine."

"Iko njia nyingine?"

"Iko. Ni ndefu zaidi."

Akatazama mvua. "Ndefu tumeisha kutembea," alisema.

Mama Apaikunda alifungua mlango mwenyewe, mwanamke mwembamba, kitenge na soksi nene, mjukuu mmoja kiunoni. Nikamsalimia, "Hujambo, Mama?" Akasubiri. Sikuelewa anasubiri nini. Furaha, nyuma yangu, akainama na kusema, "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu," akajibu, akatupisha tukaingia, macho yake yakinipitia mimi kama mtu asiyevua viatu. Sebuleni televisheni ilikuwa inaonyesha mieleka. Majitu mawili yenye mafuta yalikuwa yanabwagana. Tukaambiwa tukae, maana pambano halijaisha.

"Huyu mwenye suruali nyekundu ni mwongo," alitufahamisha. "Anajifanya ameumia."

Nikauliza, ili kuchangamsha, "Na binti yako ako kazini?"

"Yuko," alisema bila kunitazama. "Yuko kazini. 'Ako' ndiyo nini?"

Brian alinitazama kwa furaha ambayo sikuipenda.

Pambano lilipoisha akaanza na Brian. Kijana akasimama, akakohoa, akafungua bomba. Dhamira, maudhui, migogoro, nafasi ya mwanamke katika jamii, vyote vikatoka kwa mpangilio, na kwa muda nikaona mama yule ameinua nyusi. Kisha akainua kidole. "Simama hapo hapo. Mjane huyo unampenda?"

Brian akakohoa tena. Akaanza upya: "Mjane ni mhusika mkuu ambaye..."

"Sijauliza hayo. Unampenda, humpendi?"

"I mean... yeye ni... Bibi, I don't know how to say it."

"Sema kwa Kiingereza."

Brian akafikiri kwa uaminifu, nikamuonea fahari kwa hilo. "I never thought about it," alisema.

"Asante. Kaa."

Zamu ya Furaha ikafika. Alianza vizuri, sauti ya chini. Sentensi ya pili akasema "bazee". "Wazee," alisema Mama Apaikunda. Furaha akarudia. Akasema "fasi ya kukaa". "Mahali pa kukaa." Akarudia. Akasema "anaendaka". "Huenda. Au anaendaga, kama ni Msukuma, lakini wewe si Msukuma." Kila baada ya hatua mbili mguu wake ukapigwa ngwala. Niliona mikono yake inarudi magotini, kama siku ile ofisini. Sentensi zikafupika. Zikawa maneno. Nikafungua mdomo niseme kitu, na sijui hata leo ningesema nini, kwa sababu Furaha aliwahi.

"Bibi," alisema, "nisamehe. Unanikata kila mara, sasa sioni tena nilikuwa naenda wapi. Niache nimalize. Nikimaliza, unisahihishe yote, hata mpaka jioni. Lakini kwanza niache nimalize."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba mlango usifungwe kwa sababu bado mizigo iko nje. Hata mjukuu akaacha kutafuna kidole. Nikaanza kuhesabu kichwani njia nyingine za kufika chuo kikuu.

Mama Apaikunda alichukua rimoti, akazima televisheni. Akampa Brian mtoto. "Haya," alisema. "Maliza."

Akamaliza. Alizungumza nusu saa nzima, Kiswahili cha kwao na cha kitabuni vikiwa vimechanganyika. Alizungumza juu ya mjane, wazee waliomuuliza habari za shamba, na mbuzi. Alisema mwandishi ni mjanja, anatuchekesha na mbuzi ili tuone aibu baadaye. Brian alikuwa amembeba mtoto na amesahau kwamba amembeba. Alipofika mwisho Furaha akasema tu, "Nimemaliza, Bibi."

Bibi hakusahihisha chochote. Akaenda jikoni. Tulisikia kabati, maji, jiko. Akarudi na chai ya maziwa na maandazi, akamhudumia Furaha kwanza, kisha Brian, kisha mimi wa "ako".

"Huyu anasoma," aliniambia, akimwelekezea kidevu. "Nimefundisha watoto wengi Kiswahili safi ambao hawakuwahi kusoma. Huyu sarufi yake ni vita, lakini vita hivyo nitavipiga mimi. Kila Jumamosi anipigie simu, mieleka ikiisha." Kisha akamgeukia Brian. "Wewe, baba, bado. Si kwamba huna akili. Umejaza mdomo vitu vya mwalimu wako. Nenda kachukue hicho Kihispania."

Brian akakubali kwa kichwa, masikio yamewaka. Nilitegemea anune njia nzima. Lakini tulipokuwa garini, ng'ombe sasa wakiwa upande mwingine, akaniuliza kutoka kiti cha nyuma, kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno: "Mwalimu. Ninaweza... kukuja tu? Maktaba. Hata kama siko kwa class?"

"Kufanya nini?"

"Kusoma ile story. Nataka kujua kama mimi nampenda."

Akaja mpaka kiangazi kilipoisha. Mama yake alinipigia siku moja, sauti imebadilika, kunifahamisha kwamba mtoto amempigia nyanya yake Nakuru na kuongea naye bila kumpa mtu mwingine simu. "Sijui mmemfanya nini," alisema, "lakini Kihispania asikiache." Hakukiacha. Alikisoma kwa kulalamika na akakipita.

Bi Delgado alizungumza na Mama Apaikunda Jumapili ile kwa saa nzima. Jumatatu akatia sahihi. Nilimwuliza waliongea nini muda wote huo. "Aliniambia habari za msichana kwa dakika tano," alisema. "Zilizobaki zilikuwa za mieleka."

Miaka miwili ile sitawasimulia yote. Furaha alipata alama mbaya ya kwanza maishani mwake, kwenye historia, akalia katika maabara yangu, nikamwoshesha vyombo vya maabara mpaka akili ikatulia. Nawashauri dawa hiyo, ni ya bei nafuu na vyombo vinabaki safi. Jumamosi alikuwa anapiga simu Missouri City. Mara nyingine nilikuwepo, nikasikia sauti kali ikisema "wazee, wazee, si bazee", na sauti nyingine ikicheka.

Mwezi wa tano wa mwaka wa pili akafanya mtihani wa fasihi ya Kiswahili peke yake katika chumba kizima, kwa kuwa alikuwa mtahiniwa pekee. Mimi kama msimamizi wake sikuruhusiwa kuingia, nikatembea kwenye korido mpaka mfagiaji akaniomba nisimame mahali pamoja. Alipotoka nikamwuliza, "Vipi?"

"Muda ulikuwa mdogo, Mwalimu," alisema, akinyoosha vidole. "Nilikuwa na mengi."

Matokeo yalitoka mwezi wa saba. Nilikuwa dukani, mbele ya friji za maziwa, simu ilipolia. Furaha alinisomea alama moja moja. Historia iliponea chupuchupu. Kemia, nashukuru, ilinitendea haki. Kiswahili hakikuwa alama ya juu kabisa, ila ya pili kutoka juu, na Diploma nzima ilikuwa mkononi mwake. Kabla sijasema neno nikasikia vurugu, simu inanyang'anywa kwa heshima, na Papa Bisimwa akaingia.

"Mwalimu! Nasikia mutoto amepita Kiswahili."

"Amepita, Papa. Amepita vizuri sana."

"Aksanti. Lakini Mwalimu, uniambie kitu." Akashusha sauti, kama mtu asiyetaka kumvunjia heshima mtu wa shule. "Miaka miwili yote alikuwa anajifunza Kiswahili? Si alitoka nacho tumboni?"

Nilicheka mpaka mwanamke mmoja akasogeza toroli lake pembeni. Naye akacheka, nikamsikia na binti yake anacheka nyuma. Kisha kicheko kikaisha, na sauti iliyorudi ilikuwa nyingine.

"Sasa anaenda wapi?"

"Kwenye chuo kikuu?"

"Ndiyo. Wanamupeleka wapi?"

Nikaelewa kwamba maisha yake yote, kutoka nyumbani hadi kambini, kutoka kambini hadi Fort Worth, kulikuwa na mtu mwenye karatasi aliyemwambia anapelekwa wapi.

"Hapelekwi, Papa," nilimwambia. "Anaenda anakotaka."

Nilimsikia akigeuka na kuyarudia maneno hayo kwa Kibembe, lugha ya kijijini kwao, mara ya kwanza kama swali, mara ya pili taratibu, na msichana akamjibu kwa Kibembe neno moja ambalo sikulijua wala sikuuliza maana yake. Nikabaki pale mbele ya friji, simu sikioni, nikiwasikiliza.